Reli ya Mpanda: Mgodi Ulikufa, Njia Ikabaki



Sisi tunaokaa Nyegina hatukukua na mlio wa treni masikioni mwetu. Tulikua na mawe makubwa ya kwetu, upepo wa ziwa na kengele ya misioni iliyoanzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1911. Nyegina hapa ndipo alipobatizwa Mwalimu Julius Nyerere, tarehe 23 Desemba 1943. Kutoka Butiama kwao alikuwa amekwisha kwenda kusoma Tabora tangu mwaka 1937, na baadaye alirudi huko huko kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria. Tabora ni mji wa reli. Mkoa wetu wa Mara hauna reli hata leo.

Basi mwezi Agosti mwaka 2023 sisi akina mama watano wa Nyegina tulipopanda treni hadi Mpanda, wawili kati yetu walikuwa hawajawahi kukaa ndani ya behewa maisha yao yote. Hatukwenda kutalii. Mwenzetu mmoja alikuwa na binti aliyeolewa huko na mchimbaji mdogo wa dhahabu. Binti alikuwa mjamzito wa miezi mitano, na habari alizotuma nyumbani zilimnyima mama yake usingizi. Lakini safari ina macho yake. Tulikwenda kwa ajili ya mtoto wetu, tukarudi tukiwa tumejifunza historia ya njia iliyojengwa kwa ajili ya mgodi. Tukaona inafaa tuwasimulie akina mama wenzetu, hasa ninyi ambao waume na watoto wenu wa kiume wanaondoka nyumbani kufuata madini.

KWETU DHAHABU ILIKUWEPO, RELI HAIKUJA

Wengi hufikiri reli ilifuata watu. Ukweli ni kwamba wakoloni walijenga reli kufuata mizigo. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 wakati wa Wajerumani, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Upande wa Kenya, reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901. Waingereza wakajenga tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza, likakamilika mwaka 1928.

Musoma ikabaki katikati, Kisumu upande mmoja na Mwanza upande mwingine. Mzigo wetu ulipita majini. Pamba, ngozi na samaki wakavu vilipakiwa melini, vikaenda kuifuata reli ilipo. Katika miaka ya 1960 zililetwa meli mbili maalum, MV Umoja na MV Uhuru, zenye reli ndani yake. Mabehewa ya mizigo yaliingizwa humo yakiwa yamebeba shehena, yakavushwa ziwa kati ya Kisumu, Musoma, Mwanza na Jinja. Hivyo Musoma ilipata mabehewa bila kupata treni! Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilichukua chake, na gati la Musoma likapoa.

Si kwamba Mara haikuwa na madini. Kiabakari na Buhemba, zote katika Wilaya ya Butiama ya leo, zilikuwa na migodi ya dhahabu wakati wa ukoloni. Lakini dhahabu si mzigo wa behewa. Uzito unaobebwa na mtu mmoja mkononi unaweza kuwa mali ya mgodi kwa siku nyingi. Lori moja lilitosha kuipeleka, na mashine ziliweza kuletwa kwa meli na lori. Kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kutandika reli hadi Kiabakari. Mgodi huo ulipofungwa mwaka 1966, wafanyakazi waliotoka mbali walitawanyika. Leo Kiabakari inajulikana zaidi kwa kituo cha hija cha Huruma ya Mungu kuliko kwa dhahabu.

Kumbukeni jambo hili la uzito, maana ndilo linaloeleza kwa nini Mpanda ilipata kile ambacho Kiabakari haikupata.

KUTOKA NYEGINA HADI TABORA

Tuliondoka alfajiri kwa basi kutoka Musoma, tukapita Bunda, tukapita kando ya Hifadhi ya Serengeti pale inapokaribia ziwa, tukavuka mto Simiyu kule Magu hadi Mwanza. Mizigo yetu ilikuwa unga wa ulezi kwa ajili ya uji wa mzazi, dagaa, samaki wakavu, na kanga mbili mpya za kumpokelea mtoto. Safari ya namna hii humwezi kwenda mikono mitupu.

Kuna waliotuuliza kwa nini tusiende kwa basi moja kwa moja, kwa kuwa siku hizi barabara ya lami kutoka Tabora kupitia Sikonge hadi Mpanda imekwisha jengwa. Tulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni mizigo na nauli. Ya pili ni ya kiuguzi. Mmoja wetu amevuka miaka sitini na miguu yake huvimba akikaa muda mrefu. Ndani ya basi umefungwa kitini, lakini ndani ya treni unaweza kusimama, ukatembea kutoka behewa hadi behewa, damu ikapata kuzunguka. Kwa mama mtu mzima, na kwa mjamzito pia, hilo si jambo dogo.

Treni ya Mwanza hupita Malampaka, Shinyanga na Isaka. Katika njia hii tuliona pia kazi za reli mpya ya kisasa, ambayo kipande chake cha kutoka Mwanza hadi Isaka kilianza kujengwa mwaka 2021. Tuta lake ni pana na limenyooka. Reli ya zamani iko pembeni yake, ina upana wa mita moja tu kati ya chuma na chuma, nayo inakunjakunja kufuata ardhi kama mwanamke anayezunguka shamba la jirani ili asikanyage mimea.

Tabora tulilala usiku mmoja. Hapo reli hugawanyika: moja kwenda Mwanza, nyingine Dar es Salaam, nyingine Kigoma. Treni ya Mpanda hufuata njia ya Kigoma, hupita Usoke na Urambo mpaka Kaliua, kisha huiacha Reli ya Kati na kushika njia yake yenyewe kuelekea kusini-magharibi. Treni hiyo haiendi kila siku, kwa hiyo siku ya safari stesheni huwa kama soko. Tuliona magodoro, baiskeli, madumu, vitanda vya mbao, na kuku waliofungwa miguu wakitazama watu kwa mshangao.

NJIA YA MADINI YA RISASI

Tawi la kutoka Kaliua hadi Mpanda lina urefu wa kilomita 210. Lilijengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, likafunguliwa mwaka 1950. Kabla ya hapo Mpanda ilikuwa nchi ya Wabende na Wakonongo, nchi ya misitu ya miombo, nyuki wengi na watu wachache. Ndorobo walizuia ng'ombe. Hakuna serikali ya kikoloni ambayo ingetandika chuma kilomita 210 ndani ya pori la namna hiyo ili kuwafikia warina asali.

Kilichoivuta reli ni madini ya risasi. Yaligunduliwa Mukwamba, karibu na Mpanda, kabla ya vita, yakiwa yamechanganyika na fedha, shaba na dhahabu kidogo. Kampuni iliyoitwa Uruwira Minerals ikafungua mgodi. Dunia ilikuwa imetoka vitani na viwanda vilitaka risasi kwa ajili ya betri za magari, nyaya, rangi na mambo mengine mengi.

Hapa ndipo uzito unapoingia. Dhahabu hubebeka, lakini risasi ni mzigo mzito wa bei ndogo. Ili upate faida ni lazima utoe tani maelfu kwa maelfu, na tani hizo haziwezi kwenda bandarini Dar es Salaam kwa malori yanayokwama matopeni kila masika. Bila reli hakuna mgodi. Ndivyo ilivyo pia kwa makaa ya mawe, na ndiyo sababu katika nchi nyingi reli za vijijini zilizaliwa kwenye migodi ya makaa. Hapa kwetu mpango wa reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay nao unahesabu matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma.

Kwa miaka kumi hivi Mukwamba ilitajwa miongoni mwa migodi mikubwa ya Tanganyika. Watu walitoka pande zote kutafuta kazi. Mji ukaota, maduka yakafunguliwa, stesheni ikawa kitovu. Kisha mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, sababu iliyoileta reli ikawa imekwisha.

RELI ZILIZOACHWA WAJANE

Akina mama, fikirini wenyewe. Njia imejengwa kwa ajili ya mgodi mmoja, nao umekufa baada ya miaka kumi tu. Kwa kawaida nini hufuata?

Tuna mfano hapa hapa nchini. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, walijenga reli ya kusini kuelekea Nachingwea, na bandari ya Mtwara ikachimbwa. Karanga zilishindwa, mradi ukaachwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ile ikafungwa na kung'olewa. Vizazi vya Nachingwea vimekua bila kuiona. Uganda nako, reli kutoka Kampala ilifikishwa Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Uchimbaji wa shaba ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 treni nazo zikaacha kwenda. Majani yakaota juu ya mataruma.

Kenya ina tawi la Magadi, lililokamilika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kutoka Konza kwenda kwenye ziwa la magadi. Hilo limedumu zaidi ya miaka mia moja, lakini limedumu kwa sababu magadi yenyewe bado yanachimbwa.

Reli ya Mpanda ndiyo ya ajabu. Mgodi ulikufa, reli ikabaki hai. Ilipata kazi nyingine. Ilianza kubeba mahindi, mpunga, mbao, asali na tumbaku. Mwaka 1973 serikali iliwapokea wakimbizi kutoka Burundi na kuwapa ardhi Katumba, karibu na Mpanda, ambako reli hupita. Watu waliokuja na vitambaa vichwani na watoto migongoni walifyeka pori, wakalima, wakalisha mikoa mingine. Mavuno yao yalipita juu ya reli iliyojengwa kwa ajili ya risasi. Mwaka 2014 wengi wao na wenzao wa Mishamo na Ulyankulu, watu zaidi ya 150,000, walianza kupewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Na mwaka 2012 Mpanda ilikuwa imekwisha kuwa makao makuu ya mkoa mpya wa Katavi.

Shirika lenyewe la reli limepita katika misukosuko. Lilikuwa la Afrika Mashariki mpaka mwaka 1977, likawa la Tanzania, likakodishwa kwa wawekezaji mwaka 2007, likarudi mikononi mwa serikali, na tangu mwaka 2017 linaitwa tena TRC. Majina yalibadilika, lakini abiria wa Mpanda hawakuacha kununua tiketi.

NDANI YA BEHEWA

Kulipopambazuka tulikuwa tumekwisha kuiacha Kaliua nyuma. Nje ilikuwa miombo tupu. Agosti majani yake ni makavu, mengine mekundu, na mizinga ya magogo imening'inia mitini. Tulivuka mto Ugalla. Eneo lile zamani lilikuwa pori la akiba, na tangu mwaka 2019 sehemu yake ni Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Hapo ndipo mtu anapofahamu kwamba yuko mbali na nyumbani.

Lakini pori halina ukimya treni ikifika. Kila kituo, hata kile chenye kibanda kimoja, akina mama walitokea wakiwa wamebeba sinia na ndoo vichwani: mihogo ya kuchemsha, karanga, mayai, kuku wa kukaanga, asali ndani ya chupa za maji. Wana dakika chache tu. Mkono mmoja unapokea fedha dirishani, mwingine unapandisha bidhaa, na mtoto mgongoni analala kama hakuna linalotokea. Tulimwuliza mama mmoja aliyeketi nasi, "Dada, treni isipokuja mnafanyaje?" Akatujibu, "Mama, isipokuja tunakula wenyewe tulichopika. Lakini ada ya mtoto hailiwi."

Mama huyo alikuwa na magunia mawili ya mchele anayopeleka na kurudi na bidhaa za duka. Mume wake alifariki, naye amesomesha watoto wanne kwa kazi hiyo. Hajawahi kuuona mgodi wa Mukwamba ukifanya kazi, wala mama yake mzazi hakuufahamu vizuri. Kwake yeye reli ni ya mchele tu.

Hapo tulitazamana. Kwetu Kiabakari mgodi ulipokufa haukuacha njia ya chuma. Huku mgodi ulipokufa, uliacha njia ambayo mjane anapitisha ada za watoto.

TULICHOKIKUTA NYUMBANI KWA BINTI

Binti anakaa nje ya mji wa Mpanda, katika eneo la wachimbaji wadogo. Maana baada ya kampuni kubwa kuondoka, watu walirudi kwenye miamba ile ile kutafuta dhahabu kwa sururu na nyundo. Alitupokea kwa furaha, akapiga magoti, akalia kidogo, akacheka. Mama yake alimtazama tumbo kwanza, kisha uso.

Sisi wauguzi tulitazama jiko.

Kwenye baraza, hatua tatu kutoka mahali pa kupikia, palikuwa na kikaango cheusi kisichopikiwa chakula. Hicho ndicho mkwe wetu alichokuwa akichomea dhahabu. Mchimbaji mdogo husaga mawe, huchanganya unga wake na zebaki, na zebaki huikamata dhahabu ikawa donge. Kisha donge huchomwa motoni ili zebaki iondoke kama mvuke na dhahabu ibaki. Mvuke huo huonekani vizuri, na huwezi kuutegemea kukuonya kwa harufu. Huingia mapafuni mwa aliye karibu, hutua juu ya paa, sufuria, kanga zilizoanikwa. Kwa mtu mzima unaweza kuleta kutetemeka mikono, kusahau na kukosa usingizi. Kwa mjamzito hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto na kuudhuru ubongo wake ukiwa bado unaumbwa. Binti alituambia mwenyewe kwamba huwa anashika tochi mume wake akichoma usiku.

Mama yake alitaka kuondoka naye kesho yake. Lakini binti alisema, "Mama, mimi nina nyumba yangu. Sikuja hapa kwa treni ili nirudishwe kama mzigo." Wote wawili walikuwa na haki. Mama alimlilia mjukuu wake, na mke hakutaka kuvunja nyumba yake.

Kwetu, kama mnavyofahamu, mama mkwe na mkwe wake hawaketi pamoja wakajadili mambo ya ndani. Mama yule asingeweza kumwambia kijana yule lolote zaidi ya salamu ya mbali. Ndiyo sababu tulikwenda watano. Jioni mama alibaki jikoni na binti, nasi tukaketi na kijana nje. Hatukumgombeza. Tulimwuliza kuhusu kazi yake, akatueleza kwa fahari. Ndipo tukamweleza habari za zebaki, jinsi inavyoingia na inakokwenda. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mama zangu, sikujua kwamba inamfikia mtoto. Mimi nilidhani ni moshi kama moshi mwingine."

Usiku ule ule alikitoa kikaango. Alituahidi kuchomea kule machimboni, kwa chombo kilichofunikwa kinachokusanya mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, ambacho baadhi ya wenzake wanacho. Binti naye alikubali jambo moja: angeanza kliniki juma hilo hilo, na mwezi wa saba ukifika angepanda treni na mama yake kwenda kujifungulia nyumbani, kisha kurudi kwake mtoto akipata nguvu. Mama alikubali kumwacha kwa miezi hiyo miwili. Haikuwa rahisi kwake. Alikaa macho usiku kucha akipepeta ulezi ambao ulikuwa umekwisha kupepetwa.

MAMBO YA KUZINGATIA

Wasomaji wetu wa Butiama, Nyamongo, Geita, Chunya na kwingineko kwenye machimbo, tunawaomba mzingatie haya:

1. Zebaki isichomwe nyumbani, wala karibu na jiko, kisima au mahali watoto wanapocheza. Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto wasikaribie kabisa.

2. Chombo cha zebaki kisipikiwe chakula hata kikioshwa mara mia. Kitengwe na kiwekwe mbali.

3. Nguo za mgodini zisichanganywe na nguo za mtoto. Baba aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Ni tendo la upendo, si kujitenga.

4. Madini ya risasi nayo ni hatari kwa watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto wasicheze kwenye vifusi vya migodi ya zamani wala na betri za magari zilizovunjwa. Wanawe mikono kabla ya kula.

5. Vumbi la mawe huharibu mapafu na kumfanya mchimbaji ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Mume akikohoa wiki mbili au zaidi, apelekwe kupima makohozi. Mawe yakinyunyiziwa maji kabla ya kusagwa, vumbi hupungua.

6. Mjamzito anayekaa machimboni aanze kliniki mapema na amweleze mkunga wazi kazi ya mume wake. Mkunga hawezi kukisia.

NJIA NI MALI YA WATOTO

Kuna mipango mikubwa ya reli inayotajwa. Kuna wa kuipeleka reli ya kisasa kutoka Kaliua kupitia Mpanda hadi Karema kwenye Ziwa Tanganyika. Kuna na ule wa miaka mingi wa reli ya kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma kwetu, ambao nao unahesabu mizigo ya magadi na madini njiani. Tunaiombea mema mipango hiyo. Lakini tumejifunza swali la kuuliza. Viongozi wakituambia reli inakuja kwa sababu ya madini fulani, tuulize: madini yakiisha, itabeba nini? Mpanda walikuwa na jibu, hata kama wakati ule hakuna aliyewauliza. Walikuwa na ardhi, asali, mpunga, na akina mama waliokuwa tayari kusimama dirishani na sinia.

Na ndani ya nyumba zetu ni vivyo hivyo. Fedha ya dhahabu huja ghafla na kuondoka ghafla. Nyumba iliyojengwa juu ya fedha hiyo peke yake hufa siku mwamba unapokauka. Mume akirudi na fedha ya machimbo, kabla ya redio na pikipiki, tukubaliane pamoja jambo litakalobaki: ada ya shule, shamba, bima ya afya, mbuzi wawili. Hiyo ndiyo reli ya nyumbani. Madini yatakwisha, lakini watoto watapita juu yake.

Kwa majadiliano ya vikundi:

1. Katika kijiji chetu, ni kitu gani kilichoachwa na mradi uliokwisha kufa ambacho bado kinatufaa? Ni kitu gani kilichokufa nao?

2. Mama afanye nini anapoona hatari katika nyumba ya binti yake aliyeolewa, bila kuivunja nyumba hiyo?

3. Katika familia zetu, fedha inayokuja ghafla hupangwa na nani, na kwa ajili ya nini?